Mlipa kodi aulizwe kwanza: kutoka Runnymede hadi Same

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kuwafundisha watoto wetu ugomvi wa wafalme wa Uingereza na Bunge lao ni kupoteza muda, kwa kuwa wale waligombea taji lao na sisi hatukuwa na letu humo. Barua yake nimeisoma mara mbili. Nimefundisha Historia kwa miaka mingi katika shule za sekondari za mkoa huu wa Kilimanjaro, sasa nimestaafu na ninaishi Pasua hapa Moshi, na ninakiri kwamba nusu ya malalamiko yake ni ya kweli. Tulilifundisha jambo hili vibaya. Tuliwakaririsha wanafunzi miaka na majina, wakayaandika kwenye mtihani, wakayasahau kabla basi la kuwarudisha makwao halijafika Himo. Nusu ya pili ya hoja yake, hata hivyo, siwezi kuiacha ipite, kwa sababu kiini cha ugomvi ule kilikuwa kodi, na habari ya kodi sisi watu wa milima hii, Upare na Uchagani, hatukuisoma vitabuni tu.

Mfalme John wa Uingereza alikuwa amepoteza Normandy, milki yake kule Ufaransa, mwaka 1204, akatumia miaka kumi kuwakamua makabaila wake fedha za kuirudisha, na juhudi zote hizo zikaishia kwa majeshi ya upande wake kushindwa kule Bouvines mwaka 1214. Makabaila waliochoka kukamuliwa wakashika silaha, na tarehe 15 Juni 1215, katika uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, wakamlazimisha akubali hati ambayo baadaye iliitwa Magna Carta, yaani Hati Kuu. Kwa hesabu ya wanazuoni ina vifungu 63, na ukivisoma vyote utashangaa jinsi vingi vinavyohusu mambo ya wakubwa wa wakati ule: mirathi, wajane, madeni, hata mitego ya samaki iliyoziba mito. Mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake hakukumbukwa sana humo, na mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba siku ile Waingereza wote walipata uhuru anawadanganya. Viwili kati ya vifungu hivyo, lakini, vilibeba mzigo wa karne nyingi. Cha 12 kilisema kwamba baadhi ya malipo ya kifalme hayatatozwa bila shauri la pamoja la ufalme, na cha 39 kikasema kwamba mtu huru hatakamatwa, hatafungwa wala hatanyang'anywa mali yake isipokuwa kwa hukumu halali ya watu wa daraja lake au kwa sheria ya nchi. Mfuko wa mtu na mwili wa mtu, vyote viwili viliwekewa uzio mbele ya mtawala.

Hati hiyo haikutimiza hata miezi mitatu. Papa Innocent III aliitangaza kuwa batili mwezi Agosti mwaka huohuo, vita vikaanza upya, na John akafariki Oktoba 1216. Kilichoiokoa ni shida ya fedha. Mwaka 1225 mwanawe, Henry III, aliitoa tena, na badala yake akapewa kodi ya sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika. Kwa maneno mengine, mfalme aliuza, wao wakanunua, na pande zote mbili zikaijua bei. Bunge lao lilikua katika biashara ya namna hiyo. Simon de Montfort, aliyemwasi Henry, aliita mkutano Januari 1265 akiwaita wawakilishi wa wilaya na wa miji pia, kisha akauawa Evesham miezi michache baadaye. Lakini Edward I, aliyemshinda katika vita hivyo, naye mwaka 1295 aliwaita watu wa aina ileile, kwa kuwa vita vyake vilihitaji fedha na fedha zilikuwa mikononi mwa watu hao. Mwenye kutoa fedha akishaitwa mara moja, mara ya pili anakuja na orodha ya malalamiko.

Nitaruka karne tatu ili nifike kwa Charles I, maana hapa ndipo somo lenyewe lilipo, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wenzangu wakae kwa wiki mbili badala ya kipindi kimoja. Charles alirithi kiti mwaka 1625 akiamini, kama baba yake, kwamba mfalme huwajibika kwa Mungu peke yake. Bunge lilipombania fedha za vita, akawaamuru matajiri wamkopeshe kwa lazima, na waliokataa akawaweka ndani. Mwaka 1627 watano kati yao walidai mahakamani waambiwe kosa lao. Jibu lililoletwa kutoka gerezani lilikuwa kwamba wamefungwa kwa amri maalumu ya Mfalme, na majaji wakaliona linatosha kuwanyima dhamana. Mwaka uliofuata Bunge lilimwandikia Charles Ombi la Haki lililotaka mambo manne: mtu asitozwe kodi wala mkopo wa lazima bila ridhaa ya Bunge, asifungwe bila kuelezwa sababu, askari wasilazwe kwa nguvu katika nyumba za raia, na sheria ya kijeshi isitumike kwa raia wakati wa amani. Mfalme alikubali kwa kuwa alihitaji fedha, kisha akaendelea kama kawaida.

Machi 1629 alipotaka kikao kiahirishwe, wabunge wawili walimkandamiza Spika Finch kwenye kiti chake asisimame, maana akisimama kikao kimekwisha, huku maazimio yakisomwa kwa haraka na mlango ukiwa umefungwa. Finch alilia machozi akisema kwamba yeye ni mtumishi wa Mfalme. Msomaji aikumbuke kauli hiyo ya Finch, nitairudia.

Baada ya hapo Charles alitawala miaka 11 bila Bunge, na alilazimika kutafuta fedha kwa njia za pembeni. Mojawapo ilikuwa kodi ya meli. Kwa desturi, kodi hiyo ilitozwa wilaya za pwani wakati wa hatari ili zichangie meli za vita. Charles akaitoza wakati wa amani, na kuanzia mwaka 1635 akaipandisha hadi wilaya za bara ambako hakuna hata harufu ya bahari. John Hampden, mwenye mashamba wa Buckinghamshire, alikataa kulipa shilingi 20. Alikuwa mtu tajiri na shilingi hizo zisingemsumbua hata kidogo. Alitaka kujua ni nani aliyeulizwa kabla yeye hajatozwa. Kesi ilisikilizwa na majaji 12, na mwaka 1638 Mfalme akashinda kwa majaji 7 dhidi ya 5, ushindi mwembamba kiasi kwamba nchi nzima iliuona kuwa ni kushindwa. Kisha Waskoti wakaasi kwa sababu ya kitabu cha ibada walicholazimishwa kukitumia, vita vikahitaji fedha ambazo kodi ya meli haikuweza kuzileta, na mwaka 1640 Charles akalazimika kuliita Bunge mara mbili. La kwanza alilivunja baada ya wiki tatu. La pili halikukubali tena kuvunjwa hivihivi.

Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme mwenyewe aliingia katika Baraza la Makabwela akiwa na askari waliobaki mlangoni, mlango ukiwa umeachwa wazi ili wabunge wawaone. Alitaka kuwakamata wabunge watano: Pym, Hampden, Haselrig, Strode, na Holles, ambaye ni mmoja wa wale waliomkandamiza Finch miaka 13 nyuma. Walikuwa wameshapata habari na kutoroka kwa mashua mtoni. Mfalme aliomba kiti cha Spika, akasimama hapo akizungusha macho ukumbini, akamuuliza Spika William Lenthall wako wapi. Lenthall alipiga magoti, akajibu kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Baraza, ambalo yeye ni mtumishi wake, litakavyomwelekeza. Charles akasema anaona ndege wote wameruka, akatoka. Lenthall hakuwa shujaa. Wanaoandika habari zake wanamtaja kuwa mtu mwoga aliyependa kuridhiana na kila upande. Kwa nini basi Spika mwoga wa mwaka 1642 alithubutu kutamka kile ambacho Spika wa mwaka 1629 hakuweza? Ninavyoona mimi, kati ya Finch na Lenthall hakuna tofauti kubwa ya roho. Tofauti ni kwamba katika miaka 13 ile watu kama Hampden walikataa kutoa shilingi 20, wakaenda mahakamani, wakashindwa, wakazungumzwa katika kila soko, hata ikafika siku ambapo Spika akikaa kwenye kiti chake alijua ni mtumishi wa nani.

Vita vyenyewe sitavisimulia. Vilianza Agosti 1642, jeshi la Mfalme likavunjwa Naseby tarehe 14 Juni 1645, na baada ya mapatano mengi yaliyovunjika Charles alishtakiwa katika ukumbi wa Westminster na kukatwa kichwa London tarehe 30 Januari 1649. Siku hiyo alivaa mashati mawili ili asitetemeke kwa baridi watu wakadhani anatetemeka kwa woga. Huwa napenda wanafunzi waijue habari hii ya mashati, kwa sababu mtawala aliyekosea bado ni binadamu, na waliomuua hawakupata walichokitaka. Mwaka 1647 askari wa jeshi la Bunge walikuwa wamekutana kanisani Putney kujadili nani apige kura, na Kanali Rainsborough akasema kwamba aliye maskini kuliko wote katika Uingereza ana maisha ya kuishi sawa na aliye mkubwa kuliko wote, na kwa hiyo mtu atakayewekwa chini ya serikali aridhie kwanza yeye mwenyewe. Wakubwa wa jeshi lake hawakumsikiliza. Tarehe 20 Aprili 1653 Oliver Cromwell, kiongozi wa jeshi hilo, aliingia na askari katika Bunge lilelile lililomshinda Mfalme, akawatoa wabunge, akaielekeza kidole siwa iliyokuwa mezani na kuamuru kitu hicho kisicho na maana kiondolewe.

Niruhusu hapo, Mhariri, nitoke nje ya mstari kidogo. Siwa ni neno letu. Zamani ilikuwa baragumu kubwa la watawala wa pwani. Zipo mbili mashuhuri, ya pembe ya ndovu ya Pate na ya shaba ya Lamu, na ilipigwa katika shughuli kubwa za watawala na za watu wa koo bora. Leo Dodoma tunaiita siwa ile fimbo inayotangulia mbele ya Spika, na bila siwa mahali pake Bunge halijakaa. Chombo kilichotangaza enzi ya mtawala kimelipa jina chombo kinachotangaza mamlaka ya wawakilishi. Sijui ni nani aliyechagua neno hilo, lakini hakuna jina ambalo lingefaa zaidi, na ningependa kila mtoto anayeangalia Bunge kwenye televisheni aelezwe historia yake.

Waingereza waliurudisha ufalme mwaka 1660, na mwana wa pili wa Charles, James II, akairudia njia ya baba yake hata akakimbia nchi mwaka 1688 baada ya William wa Orange, mkwewe kutoka Uholanzi, kutua na jeshi Torbay tarehe 5 Novemba. Sheria ya Haki ya mwaka 1689 ndiyo iliyoandika matunda ya ugomvi wote huo: mfalme asisimamishe sheria kwa amri yake, asitoze fedha bila Bunge, asiweke jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge, uchaguzi uwe huru, na maneno yaliyosemwa bungeni yasishtakiwe mahakamani. Jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havilitaji ni jinsi sheria hiyo ilivyopewa meno. Bunge likawa linaidhinisha fedha na nidhamu ya jeshi kwa muda mfupi tu, kiasi kwamba mfalme asipoliita, jeshi lake linakuwa halina mshahara wala sheria. Tangu mwaka 1689 Bunge lao limekaa kila mwaka. Mwaka 1701 majaji nao wakahakikishiwa kwamba mfalme hawezi kuwaondoa kwa kuwa hukumu yao haikumfurahisha, na mara ya mwisho mtawala wa kule kukataa kuusaini muswada uliopitishwa na Bunge ilikuwa mwaka 1708, enzi ya Malkia Anne.

Sasa nakuja kwenye nusu ya barua ya ndugu yangu ambayo ni ya kweli. Bunge hilohilo lililojipatia haki mwaka 1689, miaka tisa tu baadaye lilitunga sheria iliyowafungulia wafanyabiashara wote wa Uingereza biashara ya watumwa kutoka Afrika, biashara ambayo kabla ya hapo kampuni ya kifalme ilitaka kuihodhi peke yake. Uhuru wa mfanyabiashara dhidi ya ukiritimba wa mfalme ulikuwa mnyororo shingoni mwa mtu wetu. Na watoto wa Bunge hilo walipokuja kututawala hawakuja na kifungu cha 12. Wajerumani walikuwa wametutangulizia kodi ya kibanda iliyoamriwa mwaka 1897. Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922. Baraza la Kutunga Sheria likaanzishwa mwaka 1926, na kwa miaka 19 hakukuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Babu zetu walilipa kila mwaka. Ndugu yangu akisema Waingereza walitufundisha kwamba kodi huendana na uwakilishi, nitaungana naye kumkatalia yeyote anayedai hivyo.

Watu wa kwetu walijifundisha wenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Usangi, Upare Kaskazini, na kwa hiyo naandika habari hii kama mtu wa nyumbani. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, baraza la machifu wa Upare, kwa baraka ya serikali ya kikoloni, lilianzisha kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilimkadiria kila mtu kwa mali yake: ng'ombe, mashamba, na vinginevyo. Karatasini ilionekana kodi ya haki, maana mwenye nacho angetoa zaidi. Lakini wakadiriaji walikuwa watu wa chifu, wakaingia uani mwa mtu kuhesabu mifugo yake, na hakuna mlipaji aliyekuwa ameitwa kuulizwa. Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakitaka mbiru iondolewe. Hawakusema kwamba hawatalipa kodi yoyote. Walikataa kukadiriwa na watu wasiowachagua kwa utaratibu ambao hawakuulizwa, na mwenye kutafuta tofauti kati ya madai hayo na yale ya Hampden atatafuta sana.

Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walisimama. Waume walikuwa Same, mashamba yanawasubiri, na mkuu wa wilaya alipopanda mlimani wanawake walimzunguka wakamwambia ama aimalize habari ya kodi ili waume zao warudi, ama wao wakubwa wachukue nafasi ya waume hao na kuwazalisha. Maneno hayo yamehifadhiwa na watafiti waliokuja baadaye, na bibi yangu aliyasimulia bila aibu yoyote. Hatimaye mbiru iliondolewa. Mwaka uleule wa 1945, wakati Wapare wamekaa Same, Gavana aliwateua Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria: Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Wote wawili walikuwa machifu na wote wawili waliteuliwa. Sisemi hili kuwashusha, walikuwa watu wa heshima, lakini ni kama de Montfort kabla ya kuwaita watu wa miji: mlango umefunguliwa kwa upana wa bega la mkubwa mmoja.

Uchagani nako suala la nani amweke mtawala lilimalizwa kwa kura. Thomas Marealle, Mangi Mkuu yaani chifu mkuu wa Wachagga, alichaguliwa mwaka 1951 na kusimikwa mwaka 1952 kwa shangwe kubwa, mtu msomi aliyependwa. Na mwaka 1960 watu walewale wakapiga kura ya kutaka rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, nafasi ambayo Solomon Eliufoo aliishika. Hakukatwa kichwa mtu. Miaka mitatu baadaye sheria ya nchi huru ikaondoa mamlaka ya machifu Tanganyika nzima. Waingereza walihitaji vita na miaka zaidi ya mia nne kutoka Runnymede hadi kuandika Sheria ya Haki. Hapa mlimani ilikuwa kura na miaka tisa. Najua mazingira yalikuwa tofauti, lakini mtoto wa Marangu au wa Machame anapaswa kuzijua habari hizi mbili kwa pamoja, moja ikiiangaza nyingine.

Leo Katiba yetu, ibara ya 138, inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano ndani ya Bunge, na ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa au kufungwa nje ya utaratibu wa sheria. Mwanafunzi aliyeelewa kifungu cha 12 na cha 39 atazitambua ibara hizi kama anavyomtambua mtoto kwa sura ya babu yake. Atatambua pia uzito wa ibara ya 90, inayomruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Yapo maelezo ya kisheria ya kuwapo kwa kifungu hicho, kwa kuwa Rais naye hurudi kwa wapiga kura, lakini kwa mtu aliyesoma habari za mwaka 1629 na 1640 ni kifungu kizito, na wakati wowote tutakapokaa tena kuzungumzia Katiba ningependa kijadiliwe kwa utulivu na kwa kirefu na watu wanaojua kilitoka wapi.

Ndugu yangu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Dodoma na ya wanasheria. Nimweleze nilichokiona mwaka jana katika mkutano wa wananchi wa mtaa ambao sitautaja. Kiongozi alisimama akasoma kiwango cha mchango wa kila kaya kwa ajili ya kuchonga barabara na kuweka kalvati, akataja na siku ya mwisho ya kulipa. Watu wakaanza kunung'unika chini kwa chini kama kawaida. Mama mmoja anayeuza ndizi, aliyekuwa bado amejifunga kitenge cha sokoni, alisimama akauliza: "Baba mwenyekiti, kiwango hiki kilikaliwa kikao gani, na mbona sisi hatukuitwa?" Mwenyekiti akafungua daftari, akapekua kurasa mbili tatu, akalifunga. Mama akaendelea: "Mimi sikatai kutoa. Nauliza." Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Baada ya wiki mbili mkutano mwingine uliitishwa, makadirio ya fundi yakabandikwa ukutani kwenye karatasi ya manila, ya mchanga, ya saruji, ya greda, kila kitu na bei yake, watu wakayajadili hadi giza likaingia, na kiwango kilichopitishwa kilikuwa kilekile cha mwanzo. Kaya nyingi zililipa ndani ya mwezi. Nilimtazama yule mama akilipa na kupokea stakabadhi yake, nikajilaumu kwamba katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumfundisha Hampden kwa mfano ulio hai kama ule.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Walimu wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili na wale wa Historia wasiache kufundisha ugomvi wa wafalme na Bunge, bali waufundishe wakiwa na mbiru mkono wa pili, na wawatume wanafunzi wa Same, Mwanga na Moshi kwa wazee ambao wangali hai. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1945 leo ana umri wa miaka 90 hivi, na kila msiba tunaokwenda Upare unaondoka na ukurasa. Nawe Mhariri nakuomba utenge nafasi katika gazeti lako, hata robo ukurasa kwa wiki, kwa ajili ya kumbukumbu hizo, zikiandikwa kama zinavyosimuliwa.

Naweza kuanza mimi. Bibi yangu alisema kwamba babu alipokuwa Same, wanawake wa ukoo walipokezana kuteremka na chakula. Zamu yake ilipofika alipika makande jioni, akayafunga kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu, akaondoka alfajiri na wenzake wanne, akiwa na mtoto mgongoni, ambaye ni shangazi yangu. Walipofika waliwakuta wanaume wamekaa chini kwa vikundi, kila kikundi cha upande wake wa mlima, wametulia. Babu alikula, akamuuliza kama mahindi yamepaliliwa, akamrudishia kikapu, na akamwambia kwamba bado hawajajibiwa.

Ndimi,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Pasua, Moshi.